Ninja wa Hadithini Anapigana Vipi, na Nani Alimfundisha?

Ukiwakuta vijana watano wanaofuatilia katuni za Kijapani wakibishana ninja gani ni mkali kuliko wote, usikae karibu kama una haraka. Mmoja atasema Kakashi, mwingine Itachi, wa tatu atamtetea Rock Lee ambaye hana uchawi wowote, ana mazoezi tu. Ubishi wenyewe una kanuni zake, na kanuni hizo ziliwekwa na mwandishi. Katika Naruto, ambayo Masashi Kishimoto aliichora kuanzia 1999 hadi 2014, mapigano yamegawanywa makundi matatu makubwa. Kuna ninjutsu, mbinu zinazotumia nguvu ya ndani inayoitwa chakra: moto, maji, kujigawa mara mia. Kuna taijutsu, yaani mwili wenyewe, ngumi na mateke. Halafu kuna genjutsu, kumchezea adui akili mpaka aone yasiyokuwepo.

Mimi nasoma historia, kwa hiyo swali langu ni lingine kidogo: haya yote yalitoka wapi? Kulikuwa na watu halisi Japani waliofanya kazi hii, na wameacha nyaraka. Nimejaribu kuchukua mitindo ya mapigano ya ninja wa hadithini na kuirudisha nyuma hatua kwa hatua, kuona ipi inafika kwa watu hao na ipi inaishia njiani. Mingi inaishia njiani. Ila kuna kitu kimoja kinafika, na sicho ambacho watu wengi hukitaja.

Wakulima wenye mapanga

Kwanza jina. Wenyewe waliitwa shinobi, neno lenye maana ya kujificha au kwenda kwa siri. Matamshi ya "ninja" ni njia nyingine ya kusoma maandishi yaleyale, na yalienea katika karne ya 20. Kwa hiyo mpiganaji wa mwaka 1560 ungemwita ninja asingejua unamsema nani.

Mahali pao panapojulikana zaidi ni pawili, na pamepakana: Iga, ambayo leo iko mkoa wa Mie, na Koka, ambayo iko mkoa wa Shiga. Ni nchi ya vilima na mabonde membamba, si mbali na Kyoto. Kuanzia mwaka 1467 Japani iliingia kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyodumu zaidi ya miaka 100, kila bwana mkubwa akijaribu kumeza jirani yake. Iga ilikuwa na jambo la ajabu: haikuwa na bwana mkubwa. Familia za wapiganaji wadogo, ambao pia walikuwa watu wa mashamba, zilijiendesha kwa mkutano. Imebaki hati yao yenye vifungu 11. Inasema adui akivamia, kengele zipigwe vijiji vyote na kila mwanamume wa miaka 17 hadi 50 atoke. Inasema pia kwamba mtu wa chini akiteka ngome ya adui, apewe cheo cha samurai.

Ukiielewa hati hiyo unauelewa mtindo wao wa kupigana. Watu wachache, bila farasi wengi, bila hazina, wamezungukwa na majeshi makubwa. Kukutana na jeshi la namna hiyo uwanjani mchana ni kujiua. Kwa hiyo unapiga usiku, unapiga kambi, unapiga pale ambapo mwenzako amevua viatu. Mwaka 1487 shogun mwenyewe, Ashikaga Yoshihisa, alikwenda kumwadhibu bwana mmoja aliyekuwa akisaidiwa na watu wa Koka. Kambi yake ilishambuliwa usiku na kusumbuliwa kila mara, vita vikagoma kuisha, na mwaka 1489 shogun akafia hukohuko kambini kwa ugonjwa. Tangu hapo jina la Koka likawa kubwa.

Mlango wa mbele, dirisha la nyuma

Maarifa yao yalikuja kuandikwa baadaye, amani ilipokuwa imeshatulia na wazee wanaogopa yasipotee. Kitabu kikubwa kuliko vyote ni Bansenshukai cha mwaka 1676, kilichokusanywa na Fujibayashi Yasutake wa Iga. Miaka mitano baadaye kikaja Shoninki. Kama unategemea kukuta kurasa za mateke ya kuruka, utasikitika. Kuna hali ya hewa, nyota, namna ya kufungua makufuli, namna ya kuchanganya baruti na mienge isiyozimika kirahisi kwa mvua, namna ya kusoma tabia za watu. Kupigana ana kwa ana kuna nafasi ndogo sana.

Bansenshukai kinagawa kujipenyeza njia mbili, na mgawanyo huu naupenda kuliko ule wa Naruto. Kuna innin, shinobi wa gizani: anapanda ukuta usiku, anajificha, haonekani. Kuna yonin, shinobi wa mwangani: anaingia mchana kupitia mlango wa mbele, kila mtu anamwona, ila anachoonekana sicho alicho. Shoninki kinataja sura saba za kujigeuza, zikiwemo mtawa, mchuuzi, mchezaji wa maonyesho, na ya saba ambayo mimi naiona ndiyo kali zaidi: mtu wa kawaida. Kwa lugha ya mtaani, huyu ni shushushu, na shushushu mzuri havai nguo inayotangaza kazi yake. Vazi jeusi la kufunika uso tutalikuta mbele kidogo.

Mfano wa yonin unaosimuliwa sana ni wa ngome ya Sawayama, mwaka 1558. Shinobi wa Iga aitwaye Tateoka Doshun alitakiwa kusaidia kuiteka. Akaiba taa moja ya karatasi yenye nembo ya ukoo uliokuwa ukiishikilia ngome ile, akatengeneza nyingine za kufanana nayo, akawapa watu wake wasiofika 50. Wakatembea mpaka getini taa zikiwaka, walinzi wakaona nembo ya bosi wao, wakafungua. Waliokuwa ndani walishtuka moto umeshawaka. Hakuna aliyeruka ukuta.

Kingine ninachokipenda kinahusu kundi la Fuma, waliokuwa wakiutumikia ukoo wa Hojo upande wa mashariki. Karibu na mwaka 1581 walikuwa wakivuka mto Kise usiku kushambulia kambi ya Takeda Katsuyori. Wanaingia, wanawasha moto, wanapiga kelele za vita kutoka pande tofauti, mpaka askari wa Takeda wanaanza kukatana wenyewe gizani. Basi watu kumi wa Takeda wakaja na mpango wa kisasi: wajichanganye na Fuma wanaporudi, wafike hadi kwao, wamuue kiongozi. Wakafanikiwa kujichanganya. Ila Fuma walikuwa na utaratibu. Wakirudi wanakusanyika, ishara inatolewa, wote wanasimama kwa pamoja na kukaa kwa pamoja. Aliyechelewa hata kidogo si mwenzao. Wale kumi walikamatwa na kuuawa palepale.

Hebu fikiria hilo kwa muda. Hakuna kadi wala cheti, na giza limetanda. Kama nyote mmevaa sawa na mmepakwa tope sawa, utamjuaje wa kwenu? Wao waliitumia miili yenyewe kama neno la siri, na neno la siri la namna hiyo huwezi kuliiba kwa kusikiliza mlangoni.

Hara, 1638: walipokwamishwa na lugha

Kisa ambacho kingepaswa kuwa filamu, lakini sijui nani angeinunua, ni cha mwisho wa kazi hii. Iga ilikuwa imeshasagwa. Mwaka 1579 mtoto wa Oda Nobunaga aliivamia akapigwa vibaya kwenye mabonde yake, baba akakasirika, na mwaka 1581 akarudi na jeshi la zaidi ya watu 40,000 kutoka pande kadhaa kwa pamoja. Hapo mbinu za wachache zilifika kikomo chake. Unaweza kuvuruga kambi moja usiku. Huwezi kuvuruga kambi sita zinazokaribiana kila siku huku zikichoma vijiji. Waliosalia walitawanyika, na baadhi yao wakaishia kumtumikia Tokugawa Ieyasu. Jina la Hattori Hanzo, aliyewaongoza watu wa Iga chini ya Ieyasu, bado liko kwenye geti moja la kasri la mfalme Tokyo na kwenye njia ya treni ya chini ya ardhi inayopita karibu nalo.

Miaka 57 baadaye, huko Shimabara kwenye kisiwa cha Kyushu, wakulima, wengi wao Wakristo, waliasi kwa sababu ya kodi na mateso, wakajifungia kwenye ngome ya Hara. Walikuwa kama 37,000 pamoja na wanawake na watoto. Serikali ikaleta askari zaidi ya 100,000, na pamoja nao kundi dogo la watu kama kumi kutoka Koka.

Walichokifanya kimeandikwa, na ni kazi ya vipimo. Walisogea usiku wakapima umbali hadi ukutani, kina cha handaki, urefu wa kuta na sura ya matundu ya kupigia bunduki. Vikachorwa kwenye ramani iliyopelekwa kwa shogun. Waliiba magunia ya chakula. Usiku mmoja waliingia ndani kabisa, mwenzao akatumbukia shimoni, wakamvuta na kukimbia huku wakipigwa mawe, ila waliondoka na bendera moja ya waasi.

Mbinu yao bora, ile ya mwangani, ilishindwa kabisa. Waasi walizungumza lafudhi ya Kyushu na kutumia maneno ya ibada ya Kikristo ambayo watu wa Koka hawakuyaelewa. Nguo unaweza kuiga, nembo unaweza kuiga. Kusali kama mtu aliyefundishwa kusali tangu utotoni, kwa lafudhi ya kijiji chake, hakuigiki kwa wiki mbili. Ngome ilianguka kwa njaa na kwa wingi wa askari, na waliokuwemo wakauawa karibu wote. Shinobi walikuwa upande wa waliowaua. Nalisema kwa sababu hadithi nyingi humpa ninja upande wa wanyonge. Watu wa Iga walikuwa wanyonge mwaka 1581. Mwaka 1638 watu wa Koka walikuwa waajiriwa wa serikali.

Chura, vitabu vya mfukoni na daktari

Sasa, kama ndivyo ilivyokuwa, huyu anayetema moto alitoka wapi?

Alitoka jukwaani. Vita vilipoisha shinobi waligeuka walinzi wa mageti, na watu wa mjini wakabaki na simulizi. Tangu mwaka 1806 kulikuwa na kitabu cha jambazi mwema aitwaye Jiraiya, na kuanzia 1839 kikaja kisa kirefu chake kilichotoka sehemu kwa sehemu kwa karibu miaka 30. Jiraiya anaita chura mkubwa kwa uchawi. Mke wake Tsunade ana uchawi wa konokono asiye na gamba. Adui yake Orochimaru ana wa nyoka. Msomaji wa Naruto ameshatabasamu: ni walewale watatu, majina na wanyama wao, Kishimoto amewachukua wazimawazima. Kwenye jukwaa la kabuki, tangu zamani, wahudumu wa jukwaani huvaa nguo nyeusi mwili mzima na watazamaji hukubaliana kutowaona. Maelezo yanayotolewa mara nyingi kuhusu vazi la ninja ni hayo: ukitaka kuonyesha mtu asiyeonekana, mvike kama yule ambaye watazamaji wameshazoea kutomwona. Mwaka 1817 mchoraji Hokusai alikuwa tayari anachora mtu wa nguo nyeusi akipanda kamba.

Ishara za vidole nazo zina safari yake. Yale maneno tisa yanayoambatana na ishara tisa za mikono yana asili ya China. Yamo kwenye kitabu cha karne ya 4 cha Ge Hong, kama kinga kwa anayeingia milimani. Japani yalishikwa na watawa wa milimani, na shinobi wakayapata huko. Kwao yalikuwa dua ya kutuliza moyo kabla ya kazi ya hatari. Kishimoto akabadilisha, akaweka ishara 12 za wanyama wa kalenda, panya, ng'ombe, chui milia na wenzao, na akazifanya zifanye kazi kama kuandika amri kwenye kompyuta: ukikosea mpangilio, haifanyi kazi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1910 huko Osaka vikaanza kutoka vitabu vidogo vya bei rahisi vya kutia mfukoni. Wasomaji wake wakubwa walikuwa vijana wanaofanya kazi madukani. Humo ndimo alimopata umaarufu Sarutobi Sasuke, kijana wa kubuni aliyelelewa msituni, anayeruka kama nyani na kutoweka. Kwa mara ya kwanza ninja akawa shujaa mchangamfu badala ya mwizi wa kutisha. Mwaka 1921 sinema ya Jiraiya ikatumia ujanja wa kusimamisha kamera, mtu akatoweka mbele ya macho ya watazamaji. Kamera ilifanya kile ambacho Bansenshukai kisingeweza.

Lakini mtu aliyetengeneza mapigano tunayoyajua leo, kwa maoni yangu, ni Yamada Futaro. Alisomea udaktari, akaacha sindano akashika kalamu. Riwaya yake ya mwaka 1958 hadi 1959, Koga Ninpocho, inawakutanisha ninja kumi wa Iga na kumi wa Koka wauane mpaka wabaki wa upande mmoja. Kila mmoja ana uwezo wake peke yake, unaoelezwa kama daktari aliyechanganyikiwa kidogo angeeleza: huyu pumzi yake ni sumu, yule mwili wake hujiunga tena baada ya kukatwa, mwingine hubandika sura yake kwenye tope akatoka na uso wa aliyemuua. Kabla ya hapo ninja alikuwa na mbinu. Baada ya hapo kila ninja ni mbinu. Karibu kila katuni ya mapigano ambayo wahusika wake wana vipaji tofauti ina deni kwake.

Halafu ninja akapanda meli. Miaka ya 1980 Marekani ilitengeneza sinema za ninja kwa wingi, na ndizo zilizofika kwenye vibanda umiza vyetu, kanda imechakaa, msimulizi akiongezea maneno yake. Usahihi haukuwa kipaumbele cha mtu yeyote. Wale kasa wanne wa mwaka 1984 wenye majina ya wasanii wa Italia wamepewa kila mmoja silaha yake ili uwatofautishe, lakini sai ya Raphael na nunchaku ya Michelangelo ni silaha za Okinawa, mbali kabisa na Iga. Kwenye gemu la Mortal Kombat la mwaka 1992, Scorpion na Sub-Zero ni mwigizaji mmoja ndani ya vazi moja, rangi ikabadilishwa na mashine kuokoa nafasi kwenye kumbukumbu. Mmoja akapewa barafu, mwingine mkuki wenye kamba, na watoto wa dunia nzima wakaamini hizo ni koo mbili zenye uhasama wa kale.

Hata kunai, kile kisu cha kurusha cha Naruto, kilikuwa kifaa cha kuchimbulia na kubandulia. Ni kama mtu afanye sinema ya fundi ujenzi anayeua kwa mwiko.

Mtihani wa kuibia

Kwa hiyo kimebaki nini cha Iga? Kwa muda mrefu ningesema hakuna, mpaka nilipoangalia upya jinsi mapigano ya Naruto yanavyoamuliwa, nikaacha kuangalia milipuko.

Pambano la kwanza kubwa ni dhidi ya Zabuza, muuaji wa ukunguni. Kakashi, mwalimu, amefungwa ndani ya tufe la maji. Wanafunzi hawamwezi Zabuza kwa nguvu hata wakiwa kumi. Sasuke anarusha shurikeni kubwa, na nyuma yake, kwenye kivuli chake, kuna ya pili. Zabuza anaidaka ya kwanza, anairuka ya pili, anacheka. Ya pili ni Naruto aliyejigeuza. Shurikeni hiyo inaitwa Fuma, jina lilelile la wale wa mto Kise. Na mbinu yenyewe ni ya taa za Sawayama: adui aliona kila kitu, ila alichokiona hakikuwa alichodhani.

Au chukua mtihani wa kupanda daraja. Hatua ya kwanza ni karatasi ya maswali magumu kupita kiasi, wasimamizi wamejaa pembeni, na sheria inasema ukikamatwa unaibia mara tano unafukuzwa pamoja na timu yako. Sheria ya ajabu. Kwa nini mara tano, na si mara moja? Kwa sababu hicho ndicho kinachopimwa: uwezo wa kupata majibu kutoka kwa wenye nayo bila kuonekana. Mmoja anatumia vioo, mwingine wadudu, mwingine anasoma mwendo wa penseli ya mwenzake. Naruto hajui lolote na haandiki chochote. Fujibayashi angeuelewa mtihani huo bila kutafsiriwa.

Ndiyo maana nawaona Rock Lee na Shikamaru kama ncha mbili. Lee ni mzuri kumtazama, na mashabiki wanampenda kwa haki. Anavunja miguu yake kwa juhudi. Lakini kila mtu uwanjani anajua atafanya nini. Shikamaru mvivu, anayelalamika muda wote, ana mbinu moja tu: kuunganisha kivuli chake na cha mwenzake. Dhidi ya Temari na kipepeo chake kikubwa anapima umbali wa kivuli, anasubiri jua lishuke ili kivuli kirefuke, anarusha koti hewani liongeze kivuli, na mwishowe anatumia shimo lililochimbwa na mtu mwingine kwenye pambano lililopita. Temari alikuwa amehesabu vyote isipokuwa hilo shimo. Anamnasa, anamsogeza hatua chache, kisha ananyoosha mkono na kusema anakata tamaa, kwa kuwa nguvu zimemwishia na hawezi kumshikilia zaidi.

Uwanja mzima ulibaki mdomo wazi. Majaji walipokaa kuamua nani apandishwe daraja mwaka ule, walimpandisha yeye peke yake.